Mmoja Yuko Safarini, Mwingine Yuko Masomoni: Nyumba Itunzwe Namna Gani?

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Meru na Embu)

  

Tumeombwa tuzungumze juu ya nyumba ambayo mmoja wa wazazi amesafiri kwa kazi ya Injili, na yule aliyebaki anasoma. Labda mtu atauliza: nyumba kama hizo ni ngapi hapa kwetu? Hebu tuhesabu pamoja. Kuna katekista aliyetumwa kaskazini. Kuna mwinjilisti wa Methodist au wa PCEA anayekaa mbali mwezi mzima. Kuna muuguzi wa hospitali ya misheni anayezunguka na kliniki ya gari. Kuna fundi anayechimba visima vya parokia huko kwenye ukame. Sasa tuhesabu upande wa pili: mwalimu wa nasari anayetafuta diploma, mama anayejiandaa kufanya KCSE akiwa mtu mzima, baba anayesomea mambo ya kilimo, kijana aliyeoa anayemalizia chuo. Ukiweka hesabu hizi mbili pamoja utaona kwamba si nyumba moja wala mbili. Na sisi tunaotembelea nyumba tunaziona.

Jambo hili si geni

Tukisimulia habari za misheni katika nchi hii yetu, tunataja wale waliotoka mbali. Tunasema Waanglikana walifika Kigari mwaka 1910, Wakonsolata wakafika Imenti mwaka 1911, na Daktari Irvine wa Kanisa la Scotland akaanza kazi Chogoria mwaka 1922. Ni kweli, na tunawashukuru. Lakini padri au daktari hakupanda na kushuka milima hii peke yake. Alikuwa na makatekista na walimu wa kwetu waliokwenda kijiji hadi kijiji kufundisha. Wengi wao walikuwa na wake na watoto. Walipokuwa njiani, nani alikuwa akilima? Nani alikuwa akichota maji? Majina ya wale kina mama hayakuandikwa vitabuni, lakini kazi ya misheni ilisimama juu ya migongo yao pia.

Na kazi haijapungua. Jimbo la Embu lilikatwa kutoka Meru mwaka 1986. Isiolo nayo ikakatwa kutoka Meru mwaka 1995. Kila mahali papya panahitaji watu. Siku hizi kuna lami kutoka Isiolo mpaka Moyale, kwa hiyo mtu hufika upesi kuliko zamani. Lakini kufika upesi hakumaanishi kurudi upesi. Anayefanya kazi bado anakaa huko.

Kilichobadilika sana ni masomo. Zamani mtu akitaka kusoma ilibidi aende Nairobi. Leo tuna Chuo Kikuu cha Chuka na kile cha Meru, vyote viwili vilipewa hati kamili mwaka 2013, na cha Embu kikaipata mwaka 2016. Walimu wa shule za msingi nao wanatakiwa kupanda, kwa sababu tangu mwaka 2021 wanaoingia vyuo vya ualimu wanasomea diploma, si cheti kama zamani. Kwa hiyo wengi wanasoma wakati wa likizo huku wakiendelea na kazi zao. Hili ni jambo jema. Lakini lina mtego wake. Kwa kuwa mama anasomea karibu na nyumbani, watu hudhani yuko tu nyumbani. Wanamtuma, wanamwita, wanamwachia watoto wao. Kumbe yuko darasani, ila darasa lenyewe liko jikoni.

Kalenda tatu katika nyumba moja

Shida kubwa tunayoiona si uvivu wala kukosa akili. Ni kalenda tatu kugongana.

Ya kwanza ni kalenda ya shamba. Mvua ndefu huanza mwezi wa tatu, na mwezi wa nne mahindi na maharagwe yanataka palizi. Mwezi wa nane ni kuvuna. Mvua fupi huja mwezi wa kumi, tunapanda tena, na wakati huohuo mpaka mwezi wa kumi na mbili kahawa inaiva. Wenye majani chai hawana mapumziko kabisa, maana majani hayangojei mtu amalize mtihani.

Ya pili ni kalenda ya masomo. Wanaosoma wakati wa likizo huitwa chuoni mwezi wa nne, wa nane na wa kumi na mbili.

Ya tatu ni kalenda ya Kanisa. Katekista hana kazi nyingi kama wakati wa Kwaresima na Pasaka, halafu tena wakati wa Majilio na Noeli. Ndipo watu wanabatizwa, ndipo vijiji vyote vinamtaka.

Mmeona? Zote tatu zinakutana mwezi wa nne na mwezi wa kumi na mbili. Wakati shamba linalia zaidi, ndipo mmoja anaitwa darasani, na ndipo mwingine hawezi kurudi. Si bahati mbaya, na si kwamba shetani ameingia katika nyumba ile. Inajulikana tangu mwezi wa kwanza! Sasa, jambo linalojulikana mapema linaweza kupangwa mapema. Chukueni ile kalenda ya ukutani, geuzeni upande wa nyuma, chora miezi kumi na miwili. Wekeni alama za shamba, za masomo na za safari. Pale alama tatu zinapokutana, hapo ndipo mtafute msaada, na mtafute miezi miwili kabla.

Mfano wa mama mmoja

Tuchukue mama mmoja tunayemfahamu, wa upande wa kahawa. Jina lake tunaliacha. Ni mwalimu wa nasari, ana watoto watatu. Mume wake alitumwa kaskazini kwa miaka miwili, naye akaanza diploma ya likizo mwaka uleule.

Mwezi wa nne wa kwanza, maharagwe yalimezwa na magugu. Mtoto wa mwisho akaugua kifua. Pesa za kahawa zilitoka, lakini ziliingia katika akaunti ya mume, kwa kuwa mwanachama wa chama cha kahawa ni yeye. Na mume alikuwa mahali pasipo na mtandao wa simu. Fikirini hapo: mama amechuma kahawa ile kwa mikono yake, pesa ziko mjini, na siku ya mwisho ya karo inapita. Baba mkwe naye akamwambia, "Mwanamke akisoma na mume hayuko, boma hili linachungwa na nani?" Akamjibu kwa heshima, "Baba, nalichunga mimi. Ndiyo maana nasoma usiku."

Lakini moyoni alikuwa amechoka. Alikuja kutuambia kwamba anaacha masomo.

Hakuacha. Ni nini kilimsaidia? Si miujiza. Kikundi chake kilimpa asubuhi mbili za palizi, kina mama kumi na moja na majembe. Kikundi kikampa mkopo mdogo wa karo kwa riba ileile ya wanachama wote. Na mume aliposhuka kutoka kaskazini, hawakukaa kulaumiana. Walikwenda pamoja chama cha kahawa na benki wakatengeneza mambo ya akaunti. Baba mkwe? Hakusema tena neno, lakini msimu uliofuata alionekana akianika kahawa pamoja na wajukuu. Mama yule alimaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzake. Amechelewa, ndiyo. Lakini amemaliza.

Pesa na karatasi kabla ya safari

Kutokana na nyumba kama hiyo tumejifunza kwamba kabla mtu hajabeba begi, kuna mambo ya kukaa chini na kuyamaliza. Tunayataja wazi:

1. Pesa za shamba. Malipo ya kahawa, ya chai au ya maziwa yanaingia kwa jina la nani? Kama ni jina la anayesafiri, anayebaki atazipataje? Nendeni pamoja kwenye chama au benki mkaulize njia iliyo halali: akaunti ya wawili, au ruhusa ya maandishi. Msiachiane namba ya siri kwa kunong'onezana. Siku ikileta shida, hakuna wa kuwatetea.

2. Karatasi. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya shamba, kadi za kliniki, vitambulisho. Viwekwe mahali pamoja, na wote wawili wapajue. Wakumbuke pia usajili wa bima ya afya, maana ile ya zamani ya NHIF ilifungwa na mahali pake pakachukuliwa na SHA mwezi wa kumi mwaka 2024. Mtoto akiugua usiku si wakati wa kuanza kujiandikisha.

3. Maamuzi. Ng'ombe akihitaji kuuzwa, nani anaamua? Mtoto akihitaji kulazwa, lazima mume apigiwe simu kwanza? Semeni kabisa: mambo haya aamue aliyebaki peke yake, mambo haya tungojeane.

4. Karo ya anayesoma. Iandikwe katika bajeti ya nyumba kama karo ya mtoto yeyote. Isiwe pesa ya kubahatisha, "tukipata".

Na hapa tuseme jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shamba kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Si pesa peke yake. Katiba ya 2010 nayo inasema mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Hatusemi haya ili watu waende kortini! Tunasema ili mzee akiwa huko safarini asidhani kwamba yule aliyebaki "anakaa tu". Anajenga. Naye mama asijidharau.

Saa moja kwa siku

Wengi husema, "Nitasoma nikipata nafasi." Wapendwa, katika nyumba ya mkulima nafasi haipatikani, inatengwa. Hebu tufanye hesabu. Saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, katika wiki kumi na tatu za muhula, ni saa 65. Hizo ni nyingi. Lakini iwe saa moja kamili: kuna taa, kuna meza, redio imezimwa. Wengine huamka saa kumi na moja alfajiri kabla ya kukamua. Wengine hungoja watoto walale. Chagua moja, na uwaambie watu wa nyumbani, na majirani pia. Jirani akijua kwamba saa mbili usiku Mama fulani anasoma, atakuja kuomba chumvi kesho.

Tena, kazi nyingine zipunguzwe. Wazee wa Nyambene wanakumbuka Bruda Giuseppe Argese wa Konsolata, ambaye watu walimwita Mukiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kunyamaza. Maji aliyoyateremsha kutoka msitu wa Nyambene kupitia mradi wa Tuuru yaliwaondolea kina mama wengi mwendo mrefu wa mtungi mgongoni. Maji karibu na nyumba ni masaa. Tangi la mvua ni masaa, jiko linalokula kuni chache ni masaa pia. Kikundi kinaponunua tangi la mwanachama mmoja kwa zamu, kinamnunulia muda wa kusoma.

Watoto wasibebeshwe mzigo wa wazazi

Hapa tunataka kusimama kidogo, maana ndipo panapotuumiza.

Baba akisafiri na mama akisoma, kazi haipotei. Inakwenda kwa mtu. Na mara nyingi inakwenda kwa msichana wa kwanza. Ana miaka kumi na mbili, anapika, anaosha wadogo, anachota maji, anachelewa shuleni, halafu siku za soko hakwendi kabisa. Mwalimu akiuliza, anasema alikuwa mgonjwa. Mama anapata diploma, na binti anapoteza shule. Je, nyumba hiyo imepanda au imeshuka?

Kazi ndogo za nyumbani ni malezi mema, hatuzikatai. Lakini kila mtoto, mvulana na msichana, apewe kazi inayolingana na umri wake, na isiguse saa za shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto yuko shuleni. Mvulana naye anaweza kusonga ugali, hakuna mkono utakaokatika.

Watoto pia waambiwe ukweli. Baba amekwenda wapi, kufanya nini, atarudi lini. Mtoto asiyeambiwa hujitungia, na anayoyatunga huwa mabaya kuliko ukweli. Simu zikipatikana, kila mtoto apewe dakika zake za kuzungumza na mzazi wake. Isiwe ni mambo ya mbolea na madeni tu mpaka salio linaisha.

Maneno ya watu, na siku ya kurudi

Mama anayerudi jioni na vitabu wakati mume hayuko atasemwa. Mume aliye mbali naye atasemwa kwamba amepata nyumba nyingine huko. Dawa ya maneno ni mambo kuwa wazi. Ratiba ya masomo ijulikane kwa wakwe. Anayesafiri aseme anakaa kwa nani. Na sisi wanachama, habari tukiisikia, tuiulize kwa mwenyewe au tuinyamaze.

Siku ya kurudi nayo ina majaribu. Msafiri amezoea kuwaongoza watu, anafika kwake anaanza kuamuru: ndizi zimepandwa wapi, kwa nini mtoto analala saa tatu, nani alisema mbuzi auzwe? Anasahau kwamba nyumba imekwenda miezi sita bila yeye. Aliyebaki naye hujisikia kama mfanyakazi anayekaguliwa. Tunashauri hivi: siku mbili za kwanza, msafiri apumzike, aangalie, ashukuru. Siku ya tatu waketi wawili waelezane. Na aliyebaki amwachie mwenzake nafasi katika nyumba, asimfanye mgeni wa kupewa chai tu.

Na kama anayesafiri ni mama?

Wako. Kuna wauguzi, makatekista wanawake, viongozi wa kina mama. Basi baba anayebaki nyumbani na vitabu vyake asichekwe. Tumeona wazee wanaomcheka mwanamume anayembeba mtoto kwenda kliniki. Akila Myahudi aliyetajwa katika Matendo ya Mitume alishona hema pamoja na mkewe Prisila, na pamoja wakamfundisha Apolo. Hatusomi mahali popote kwamba alipungukiwa na heshima.

Neno kwa wanaotuma

Parokia inapomtuma katekista mwenye familia, haimtumi mtu mmoja. Inaituma nyumba. Kitabu cha Sheria za Kanisa cha mwaka 1983, kanuni ya 231, kinasema walei wanaojitoa kwa huduma maalum ya Kanisa wanapaswa kupata mafunzo yanayofaa, na kwamba wana haki ya malipo ya kufaa ili waweze kujitunza wao na familia zao. Na mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya huduma ya katekista kuwa huduma rasmi ya walei. Heshima hiyo ni kubwa. Basi isiishie kanisani siku ya kubarikiwa. Baraza la parokia liulize mapema: posho itafika lini, na kwa njia gani? Atarudi nyumbani mara ngapi? Je, mwenzi wake ana mtihani mwezi huo? Kumpa ruhusa mtu wiki moja ya mwezi wa nne si kuidharau Injili.

Kikundi kifanye nini?

Vikundi vyetu vilianza kwa kulimiana kwa zamu na kuchangishana, kabla hata ya vitabu vya akaunti. Hiyo nguvu bado tunayo. Tunapendekeza kila kikundi kifikirie haya:

- Kuandika majina ya nyumba ambazo mmoja amesafiri na mwingine anasoma.
- Kutenga asubuhi mbili za kazi kwa kila nyumba hiyo, wakati wa palizi na wakati wa kahawa. Naye atalipa kwa kazi akimaliza mtihani, ili asijione ombaomba.
- Kumpa zamu yake ya mchango wa mzunguko katika mwezi wa karo.
- Kuchagua mama au mzee mmoja wa kuitembelea nyumba kila wiki mbili, si kupeleleza, ila kujua hali.
- Kuangalia kama watoto wa nyumba hiyo wako shuleni.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zinaweza kusaidia, maana ndizo zilizo karibu na mlango.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni miezi gani kalenda tatu zinagongana zaidi?
2. Pesa za mazao ya nyumba yako, aliyebaki anaweza kuzipata leo bila kumtafuta aliyesafiri?
3. Ni nani anayefanya kazi ambayo baba na mama wameiacha? Je, ni mtoto?
4. Kikundi chetu kinaweza kumtolea nani asubuhi mbili mwezi wa nne ujao?

Tunaomba katibu aandike majibu ya swali la nne pamoja na jina na tarehe. Hayo mengine yanaweza kungoja mkutano mwingine, lakini magugu hayangoji.

 Mungu awabariki walio njiani, walio nyumbani, na walio vitabuni.